Wanaohusika na Ile Nyingine, Wabaki

Elibariki Mchome alikuwa seremala wa Ranzi, kijiji kilicho juu kidogo ya Chome, ambako ukungu wa msitu wa Shengena hushuka asubuhi mpaka kwenye migomba na kukaa humo kama mgeni asiye na haraka. Alikuwa mgane, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, mtu wa maneno machache. Milango mingi ya Ranzi aliitengeneza yeye, na majeneza mengi pia. Tangu mwaka aliofiwa na mkewe alikuwa akimeza dawa za kufubaza virusi, na nyumbani kwake hakuna aliyejua. Binti yake Beatha, aliyeolewa hapohapo kijijini, alijua kwamba mama yake alikufa kwa kifua kikuu, na kwamba baba yake ana vidonda vya tumbo vinavyomlazimu kumeza kidonge kila jioni.

Kila baada ya miezi mitatu gari la kliniki lilipanda kutoka Same. Ranzi haina zahanati, kwa hiyo kazi ilifanyikia kwenye ghala la kahawa la ushirika. Mbele walikaa kina mama na watoto wao wa chanjo. Pembeni wazee walipimwa presha. Mwisho kabisa wa ghala lilitundikwa turubai la bluu, na nyuma yake palikuwa na benchi na meza ya nesi Devotha, aliyewapa dawa watu wenye virusi vya ukimwi. Jambo hilo halikutajwa kwa jina lake. Watu walisema tu kwamba kuna chanjo, kuna presha, na kuna ile nyingine.

Elibariki alikuwa na ujanja wake. Alianza kwa kupima presha, akakaa akaongea na wazee wenzake, kisha watu wakishapungua alipotelea nyuma ya turubai kama fundi anayekwenda kukagua mbao za ukuta.

Kwenye benchi lile ndipo alipofahamiana na Veneranda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, Mha Mkatoliki, mzaliwa wa Kasulu. Alikuja Upareni zamani pamoja na mumewe, wote wawili vibarua wa mkonge kule tambarare. Mume alipofariki, rafiki yake mmoja waliyekata naye mkonge alimkaribisha kwao Mpanje, ng'ambo ya korongo kutoka Ranzi, akamtafutia kipande cha shamba cha kukodi. Aliishi kwa maharage na tangawizi. Binti yake wa pekee, Salama, alikuwa Arusha akishona nguo. Hali ya Veneranda ilijulikana. Katika kambi za mkonge nyumba zinashikana ukuta kwa ukuta, siri haina pa kulala, na habari zake zilipanda mlimani kabla hajapanda mwenyewe.

Siku ya kwanza walipokaa benchi moja, Elibariki alipokea makopo yake ya vidonge, akayatia kwenye mifuko ya koti, akainuka aondoke. Makopo yakalia kama kayamba. Akasimama palepale, mbele hawezi, nyuma hawezi. Veneranda hakucheka. Alitoa pamba kwenye mkoba wake, akamwomba yale makopo, akayafungua moja baada ya jingine na kushindilia pamba juu ya vidonge, kisha akayatikisa karibu na sikio lake. Kimya.

"Sasa nenda, Baba," akamwambia.

Tangu siku hiyo Elibariki akawa anafika mapema na kuomba aitwe mwisho. Waliongea juu ya mvua, juu ya fuko anayekula tangawizi, juu ya Kasulu ambako Veneranda hakuwa amerudi tangu azikwe mama yake. Alimwita Mama Salama, naye akamwita Baba Beatha. Baina yao kwenye benchi waliacha nafasi ya mtu mmoja, na nafasi hiyo haikupungua mwaka hadi mwaka. Lakini Elibariki aliporudi nyumbani alikuwa na habari nyingi za Mpanje kuliko alivyoweza kueleza amezipata wapi.

Mwanzoni mwa mwaka huu gari lilichelewa kufika. Devotha aliposhuka hakusalimia kwa kelele zake za kawaida. Nyuma ya turubai aliwaeleza wote waliokuwepo, huku akiipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Wafadhili waliokuwa wakilipia mafuta ya gari na posho za safari walikwisha ondoka. Halmashauri ilikuwa imebeba mzigo huo kwa muda, lakini katika rasimu ya bajeti ya mwaka ujao fungu la safari za milimani limekatwa. Dawa zenyewe hazikukatwa. Zitaendelea kutolewa bure, ila kila mtu atazifuata hospitali, Same mjini.

Kwa asiyeijua Ranzi hilo ni neno dogo. Lakini kutoka Ranzi unashuka kwa miguu mpaka Chome, unasubiri gari la Makanya, ambalo mvua ikinyesha haliji kabisa, halafu unashika barabara kuu mpaka Same. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni bahati. Nauli yake ni chakula cha nyumba nzima, na anayekwamia mjini hana pa kulala. Tena mtu akitoka kijijini alfajiri mara kwa mara, majirani huuliza anafuata nini.

Asteria, mke kijana wa pale Ranzi aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliuliza kwa sauti ya chini kama mtu anaweza kukata kidonge nusu ili kopo lidumu zaidi. Devotha akamwambia hapana, asithubutu, virusi vitaizoea dawa. Asteria akaitikia kwa kichwa, lakini uso wake ulionyesha kwamba hesabu ya nusu alikuwa ameshaanza kuipiga. Veneranda alimtazama kwa muda mrefu.

Siku zilizofuata Elibariki alikata ubao mfupi kuliko kipimo, akaharibu na wa pili. Alijiambia ni wasiwasi wa dawa, na ni kweli ulikuwepo. Lakini lilikuwepo na jingine ambalo hata kujiambia aliona haya. Hakuwa na namba ya simu ya Veneranda. Hakuwahi kuthubutu kuiomba. Benchi lile lilikuwa ndiyo njia yake pekee ya kumwona, na sasa linaondolewa.

Asubuhi moja alivaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, akavuka korongo.

Alimkuta Veneranda akipura maharage uani. Mwanamke huyo aliinua kichwa, akamtazama kuanzia koti mpaka viatu vilivyolowa umande.

"Baba Beatha, umepotea njia?"

"Sijapotea."

Akamletea kigoda na bakuli la makande ya jana yaliyopashwa moto. Elibariki alikula bila kusema aliloendea, na Veneranda akaendelea kupura bila kuuliza. Mwishowe Veneranda ndiye aliyeanza. Alisema bajeti bado ni rasimu, haijapitishwa, Devotha mwenyewe alisema hivyo. Amekusudia kwenda kumwona diwani. Asteria atakata vidonge, alisema, anamjua mtu wa kukata vidonge akimwona, maana kule mkongeni aliwahi kuishi na mmoja, akamzika. Akamwuliza Elibariki kama atamsindikiza.

Elibariki alisema atamsindikiza mpaka getini.

Diwani, aliyeitwa Asheri, alikuwa mkulima mnene mwenye sauti nzito. Aliwakuta wamesimama getini, mmoja anataka kuingia na mwingine anataka kurudi, akawaingiza wote wawili. Elibariki alijieleza kuwa yeye amemsindikiza tu mama huyu. Asheri hakumchunguza. Alimsikiliza Veneranda mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye binafsi hataki fungu hilo likatwe, lakini hana silaha. Akisimama barazani aseme watu wake wanaumia, watamwuliza ni watu gani, na hao watu ni kivuli. Afisa wa mipango atakuja Ranzi kwenye mkutano wa kijiji kueleza bajeti.

"Nipeni watu siku hiyo," alisema. "Wanaoonekana."

Njiani kurudi Elibariki alikuwa amekwisha kata tamaa, kwa sababu aliwajua wenzake wa benchi na alijijua mwenyewe. Veneranda alitembea mbele yake akiwaza. Walipofika kwenye daraja la magogo alisimama. Alisema gari ni moja. Linaloleta dawa zao ndilo linaloleta chanjo za watoto na vipimo vya wazee. Likikatwa, limekatwa kwa wote. Kwa nini basi wasisimame wote? Katika umati wa kina mama na wazee, nani atajua nani ni nani?

Elibariki aliliona wazo hilo kuwa zuri kuliko yote aliyopata kuyasikia, kwa sababu lilimpa mahali pa kujificha.

Muda uliobaki Veneranda aliutumia kuzunguka nyumba kwa nyumba, Ranzi na Mpanje, akiongea na kina mama. Wengine walimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Wengine walimpa kiti. Elibariki naye aliwasemesha wazee wa presha. Jioni, kwa kuwa sasa walikuwa na kazi ya pamoja, aliomba namba yake ya simu, akaiandika kwa penseli ya useremala kwenye ubao wa ukuta wa karakana, kisha akaogopa kwamba itafutika akaichora kwa patasi.

Siku ya mkutano ghala lilijaa mpaka mlangoni. Afisa alikuwa kijana mpole, tope limempanda mpaka magotini, maana pikipiki yake iliteleza njiani. Aliwasikiliza wote. Kina mama waliongea kwa zamu, na Beatha akiwa mmojawao, huku amempakata mwanawe mchanga, Agape. Walisema hawawezi kushuka na watoto Same kila mwezi wa chanjo. Wazee wakasema magoti yao hayawezi mteremko. Elibariki alikaa katikati ya wazee wa kanisa, akitikisa kichwa kukubali, moyo wake umetulia.

Afisa akasimama kujibu. Alisema amefurahi kuwatoa wasiwasi. Chanjo haikukatwa. Mhudumu atazileta kwa pikipiki na kisanduku cha baridi. Mashine ya presha watapewa, ikae hapahapa kijijini. Watu wakapiga makofi, kina mama wakatazamana kwa furaha.

"Kwa hiyo sisi wengine tumemaliza," alisema afisa, akikunja karatasi zake. "Wanaohusika na ile nyingine, wabaki kidogo tuzungumze."

Hakusema kwa ubaya. Aliona kuwa anawastiri, kwamba ataongea nao peke yao, watu wengine wakishaondoka. Diwani Asheri alijipangusa uso kwa kiganja, kwa kuwa yeye alikuwa mwenyeji na alijua kilichotokea. Kubaki ndani ya ghala lile sasa kulikuwa ni kujitaja mbele ya kijiji kizima.

Mabenchi yalianza kulia. Watu waliinuka taratibu kuliko kawaida, kila mmoja akichungulia nani hainuki. Veneranda, kwenye benchi la mbele, hakujitingisha. Sauti ya mwanamume kutoka nyuma ikasema huyu Mha naye anabakia nini, mlima wenyewe si wa kwao, na watu wachache wakacheka. Veneranda hakugeuka. Ila Elibariki alimwona akiivuta kanga yake mabegani kama mtu aliyepigwa na baridi.

Beatha alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Alimfikia baba yake, akamgusa bega.

"Baba, twende."

Elibariki alitazama mlango. Ulikuwa mlango wa kazi yake mwenyewe, na nje yake jua lilikuwa limetoka. Alimwona Asteria akipita hapo, kichwa chini, nyuma ya mama mkwe wake. Hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye milango ya namna hiyo miaka yote.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mimi ni mmoja wa wanaobaki."

Beatha hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na mkono wake ukabaki hewani pale bega lilipokuwa, kwa sababu baba yake alikuwa ameshainuka. Alipita mbele ya wazee wenzake wa kanisa, akaenda mpaka benchi la mbele, akaketi kando ya Veneranda. Aliacha nafasi ya mtu mmoja, kwa mazoea. Veneranda alimtazama, macho yamejaa maji, akasogea akaifuta nafasi ile.

Elibariki aliangalia vidole vyake. Alisikia nyayo za Beatha zikienda mlangoni, zikasimama. Alijua binti yake anapigana na jambo hapo kizingitini, na hakuwa na haki ya kugeuka kumhimiza. Baadaye nyayo zikarudi. Beatha alikuja mbele yake, akafungua mbeleko, akamtoa Agape mgongoni, akamweka mapajani mwa babu yake mbele ya watu wote waliokuwa wakitazama. Kisha akaketi upande wa pili. Mtoto alishika kifungo cha koti akakitia mdomoni.

Kisha bibi mmoja mzee, Mama Justa, akatokea mlangoni akirudi ndani na fimbo yake. Diwani alimwambia kwa upole kwamba wa presha wamemaliza.

"Najua," alisema Mama Justa. "Mimi sina ugonjwa huo. Nilikuwa na kijana aliyekuwa nao, wakati dawa hazijafika huku. Nilimwosha kwa mikono hii mpaka siku ya mwisho. Nimebaki kwa ajili yake."

Wengine walirudi baada yake, si wengi. Mama wawili wa chanjo, mwalimu mmoja, mwanamume wa benchi la nyuma ya turubai ambaye Elibariki hakutegemea kabisa kumwona. Wengi walikwenda zao. Lakini waliobaki walitosha kumfanya afisa afungue tena karatasi alizozikunja.

Aliwaeleza kwa adabu kwamba hospitali ya Same ina dawa za kutosha, hakuna atakayenyimwa. Veneranda akamjibu bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, dawa iliyoko Same na mgonjwa aliyeko Ranzi hawajuani. Wewe umekuja mara moja tu, na tope limekufika magotini. Yuko mtu ametoka humu sasa hivi kwa aibu. Huyo hatakwenda Same. Atakata vidonge nusu, halafu robo, halafu tutamwita Baba Beatha aje kumpimia jeneza."

Afisa aliuliza kama wote waliobaki ni wagonjwa, maana anatakiwa kuandika idadi. Mama Justa akamwambia aandike kwamba ni watu wa Ranzi. Kijana akafikiri kidogo, akaandika hivyo.

Jioni ile Beatha alikwenda kwa baba yake akapika yeye. Chungu kilipoanza kutokota, akamgeukia. Alikuwa na hasira, na Elibariki aliipokea kama anavyopaswa kuipokea. Alitaka kujua tangu lini, na kama mama yake alijua, na kwa nini yeye aliambiwa kifua. Elibariki alimweleza yote. Kifua kikuu kilikuwa cha kweli, alisema, ila kilikuja juu ya ugonjwa mwingine, na walipokuja kupima na kujua, kwa mama walikuwa wamechelewa.

"Miaka yote nimekuwa nikikuombea tumbo," Beatha alisema. "Tumbo, Baba. Mungu mwenyewe sijui alikuwa anashangaa namna gani."

Akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka kidogo, na baba yake akacheka naye. Kisha wakala.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Mtu mmoja aliyekuwa ameagiza kabati alituma mjumbe kusema hana haja nalo tena. Jumapili iliyofuata, kwenye benchi la wazee wa kanisa, mmoja alisogea mbali naye kidogo. Lakini mchungaji alimpa asome somo kama ilivyokuwa zamu yake, akalisoma, sauti ikakwaruza mwanzoni na kutulia. Na jioni moja Asteria alionekana Mpanje, jikoni kwa Veneranda. Mama mkwe alikuwa amelikuta kopo na kumwuliza. Kwa siku kadhaa hawakusemeshana, halafu mama mkwe akamwambia amalize kopo lake vizuri, mtoto bado mdogo. Veneranda alimpigia simu Elibariki kumpa habari hizo, na baada ya habari hizo waliongea mengine mpaka salio likaisha.

Baraza la madiwani lilipokaa kupitisha bajeti, walishuka Same wakiwa kikundi kidogo. Beatha alikuja, na yule mwalimu, na Mama Justa alitaka kuja lakini goti likakataa. Wananchi waliruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, si kusema. Wakakaa. Asheri aliposimama aliwaonyesha kwa mkono. Alisema watu wa kata yake hawakuandika barua, wamekuja wenyewe, wametoka kwao gizani, na anaomba kila mheshimiwa ageuke awatazame kabla ya kupiga kura. Watu waligeuka. Elibariki alitamani kuangalia chini, lakini aliona Veneranda ameinua uso, naye akauinua wake.

Ubishi ulikuwepo. Pesa ni chache, mmoja alisema, na barabara zinasubiri. Diwani wa kata nyingine ya milimani akaunga mkono Ranzi, na mwingine wa tambarare akasema hata kwenye kambi za mkonge kuna watu wanaoacha dawa kwa sababu ya umbali. Mwishowe fungu lilirudishwa, lakini si lote. Gari litapanda mara mbili kwa mwaka badala ya mara nne. Watakaokuwa na afya nzuri watapewa dawa za miezi sita kwa pamoja. Wagonjwa wapya na wanaonyonyesha watapelekewa zao na pikipiki ya chanjo.

Nje ya ukumbi Veneranda alimkumbatia Beatha, akamkumbatia na mwalimu. Walikwenda mgahawani karibu na stendi kunywa chai. Beatha na mwalimu walipotoka kutafuta gari la kurudi, Veneranda aligundua kwamba Elibariki hajagusa chapati yake.

"Tumeshinda, Baba Beatha. Mbona umenuna?"

"Gari litakuja mara mbili kwa mwaka."

"Si ndiyo? Na dawa za miezi sita. Zitatosha."

Elibariki alikizungusha kikombe chake juu ya meza.

"Dawa zitatosha," alisema. "Mimi sitatosheka. Mara nne zenyewe nilikuwa nazihesabu, Veneranda."

Alikuwa hajawahi kumwita jina lake. Veneranda aliacha kutafuna. Alimtazama mtu huyu mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ambaye masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya kama ya kijana. Alimsogezea chapati karibu, akamwambia ale, safari ni ndefu. Njia nzima mpaka Makanya, na kutoka Makanya mpaka Chome, aliangalia nje ya dirisha, na Elibariki akawa na hakika kwamba ameharibu kila kitu.

Wiki ile ilipita bila simu. Elibariki naye hakupiga. Kisha, mchana mweupe, watu wakipita njiani na majembe yao, Veneranda aliingia kwenye karakana. Alisalimia, akatazama mbao za paini zilizoegemezwa ukutani, akaiona namba yake ya simu iliyochorwa kwa patasi. Aliisoma mpaka mwisho kana kwamba anahakikisha ni yake.

"Nataka kitanda," alisema.

Elibariki akachukua futi yake, kwa kuwa hakujua achukue nini kingine. Akauliza ni cha ukubwa gani.

"Tano kwa sita. Na mimi nalala upande wa ukutani, nikuambie mapema."

Walifunga ndoa baada ya maharage ya masika kuvunwa. Kwanza palikuwa na mazungumzo marefu kati ya padri na mchungaji, na mazungumzo marefu zaidi kati ya Beatha na Salama, ambaye alipanda kutoka Arusha na gauni la mama yake alilolishona mwenyewe bila kumpima. Lilimkaa sawasawa. Beatha ndiye aliyemwonyesha Veneranda mahali pa kila kitu jikoni, akaondoka haraka ili mwenye nyumba apange upya anavyotaka.

Jumapili waligawana. Wiki moja wanakwenda misa, wiki nyingine wanakwenda ibada. Veneranda analalamika kwamba Walutheri wanaimba beti zote, hawaruki hata mmoja, na maharage yanaungua nyumbani. Elibariki humjibu kwamba angeyaweka jikoni wakisharudi. Lakini wimbo unapofika ubeti wa mwisho, mwenye sauti ya juu kuliko wote kwenye benchi lao ni yeye Veneranda.